Msumari Mmoja, Kadi Moja

Ngumi ya kwanza ilimkuta Sindano ameketi, kalamu mkononi, ikamwangusha yeye na kiti chake. Hata kupiga ukelele hakuwahi. Chuma alimkalia kifuani, akamkamata nywele, akawa anakigonga kichwa chake sakafuni huku akimuuliza nani kamtuma kugusa kadi ya mwenzake.

"Siyo mimi, dada," Sindano alisema. "Sikuigusa."

Chuma akampiga mdomoni.

Asiyewajua angedhani ni mahasimu wa tangu zamani. La hasha! Hawa ni watoto wa mtu na mdogo wake. Mama yake Sindano alifariki mtoto hajaota meno, mama yake Chuma akamchukua, na mabinti wakakua kitanda kimoja, wakirithishana sare. Chuma aliitwa hivyo kwa sababu ya mikono yake, Sindano kwa wembamba wake. Nyumbani walikuwa na sheria yao, kwamba hakuna kusemeana. Siku Chuma alipovunja kioo cha kabati, ni Sindano aliyekula fimbo mpaka akashindwa kukaa, na hakumtaja mtu. Damu nzito kuliko maji, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kuomba nafasi ya kusoma ng'ambo kupitia shule hii.

Shule hii ilikuwa na ubao. Mwalimu wa ushauri, mtu mpole aliyependa amani kupita kiasi, aliupigilia misumari mwenyewe ofisini kwake. Kila msumari ulikuwa chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, na kila mwanafunzi alikuwa na kadi ya jina lake. Chuo kimoja, mwanafunzi mmoja, kwa maana mwalimu aliamini kwamba wakubwa wa huko wakiletewa wawili wa shule moja huwalinganisha kisha huwatupa wote. Aliyewahi kutundika ndiye aliyeandikiwa barua ya mapendekezo, na kadi hushushwa na mwenyewe tu. Siku ya kutundika, Chuma alifika kabla mlinzi hajafungua geti, akatundika yake kwenye chuo cha uhandisi chenye ufadhili kamili. Mama yake ni fundi cherehani. Bila ufadhili ule, ng'ambo angeisikia redioni.

Leo ndiyo siku ya kufunga maombi. Chuma aliingia ofisini akaikuta kadi yake mezani, imelala kifudifudi. Kwenye msumari wake ilining'inia kadi ya Sindano, na chini yake mwenyewe Sindano ameinama, anaandika kwa bidii. Ya nini kuuliza kwanza?

Sindano naye hakuwa wa kuonewa bure. Aliukuta mkono wa dada yake karibu na meno, akauuma mpaka damu ikatoka, kisha akamchoma begani kwa kalamu. Hapo Chuma akapandwa na wazimu. Alimvuta kwa mkono, akaupinda nyuma ya mgongo, akamsukumiza kwenye meza ya kompyuta. Kompyuta ilianguka kwanza, na kifundo cha mkono wa Sindano kikalia kama kijiti kikavu. Wanafunzi walijazana mlangoni. Kuna waliolia, na kuna mahayawani waliosema ongeza.

Mwalimu alipowapenya, nyuma yake alikuwa mama yake Chuma, aliyekuja kuonana naye siku ile, tepu ya kupimia bado shingoni. Mama alimnasa binti yake kofi lililomgeuza.

"Kaniibia nafasi yangu, mama," Chuma alisema.

Mama akatazama chini. "Hakuiba. Mimi ndiye niliyemwomba mwalimu aihamishe."

Akaeleza, maneno yakimkwama. Marehemu mdogo wake alimwachia mtoto huyu mikononi, na yeye akaahidi kwamba hatamweka nyuma ya wa kwake. Wewe una mama, alimwambia Chuma, utahangaika hapa hapa na utafika, lakini huyu ana nini? Mwalimu aliongeza kwa sauti ndogo kwamba alikusudia kuwaambia baada ya vipindi. Sindano alidhani dada yake amempisha. Katika insha yake ya maombi alikuwa akiandika habari za dada huyo huyo.

Hasira ya Chuma haikuwa na pa kwenda, basi akaushika ubao, akaung'oa ukutani na plasta yake, akaubamiza sakafuni. Kadi zikatawanyika.

Mwalimu akakohoa. Vyuo vyote, alisema, humuuliza kama mwombaji amewahi kumdhuru mtu, naye hapendi kuandika uongo. Ila sakafu imepigwa deki asubuhi, na watoto huteleza. Akamgeukia Sindano na kumuuliza kimetokea nini.

Chuma alishusha pumzi. Alimjua mdogo wake.

Sindano alitema jino kwenye kiganja chake kizima.

"Sikuteleza," alisema. "Dada amenipiga. Andika hivyo hivyo."

"Nilidhani ni wewe," Chuma alinong'ona.

"Nilikwambia siyo mimi."

Mama yao alipiga magoti katikati yao aokote kadi, asijue aanze na ya nani.