Mpwa wa Ng'ambo na Jipu la Mjomba

Hebu nikuulize, mwenzangu: umewahi kumwona daktari anayemwogopa mgonjwa? Kama hujamwona, vuta kiti usogee.

Watu walimwita Dokta Ng'ambo. Alisomea udaktari nchi ya mbali, huko ambako maji huganda yakawa jiwe ndani ya bomba, akarudi na koti zito ambalo hakupata siku ya kulivaa. Mjomba wake alimpokea uwanja wa ndege na shada la maua ya plastiki, na tangu siku ile mjini hapakulika wala hapakunyweka ila kwa habari za mpwa. Mtu akikohoa benki, Mjomba anageuka: "Pole. Mpwa wangu wa ng'ambo angekusikiliza mara moja tu, ukapona."

Sasa, sheria ilikuwa hivi: daktari aliyesoma nje, kabla ya kuachiwa wagonjwa, afanye kazi mwaka mzima wodini akisimamiwa. Na msimamizi wa mambo ya kupasua katika hospitali ya mjini alikuwa daktari mmoja mwanamke, mfupi, mnene, aliyesoma papa hapa nyumbani, wakimwita Mama Wembe. Mjomba aliposikia, nusura ameze miwani.

"Awe mwanagenzi? Chini ya yule? Yule hata pasipoti hana!"

"Lakini Mjomba, kwa kweli mimi nilikuwa nataka..."

"Wewe tulia, baba. Niachie mimi."

Akamwachia. Mjomba, aliyekuwa akinywa chai na mwenyekiti wa bodi ya hospitali, akaingia kwa mlango wa nyuma, na mpwa akatokea mlango wa mbele akiwa Mshauri Mkuu. Wa kushauri nini, hakuna aliyejua. Alipewa kiti kinachozunguka, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na kibao cha shaba mlangoni. Kazi yake ikawa kufungua semina, kufunga semina, na kukata utepe. Utepe aliukata vizuri sana. Ndicho kitu pekee alichokata tangu arudi.

Maana kule ng'ambo wagonjwa walikataa kushikwashikwa na wanafunzi wageni, wasioweza hata kuwauliza "panauma wapi?" kwa lugha yao. Basi wageni waliwekwa nyuma, naye akahitimu akiwa bingwa wa migongo ya maprofesa. Kupasua alijifunzia sanamu la plastiki, lenye jipu la kuchomoa na kurudishia, lisilotoka jasho wala kumlilia mama yake. Vitabu alivijua, tusimwonee. Mkono ndio haukwenda shule.

Kila jioni alipita mbele ya wodi ya Mama Wembe akipunguza mwendo, kama mwenye njaa apitaye jikoni kwa watu. Alishika kitasa, akakumbuka yale maua ya uwanja wa ndege, akakiachia.

Siku si siku, Mjomba akaota jipu. Liliota pale mtu anapokalia, na kwa kuwa Mjomba ni mtu wa heshima zake, akalificha. Akanywa chai amesimama. Akaenda mkutanoni akasimama, akasema anafanya mazoezi ya miguu. Lilipofika ukubwa wa limau na homa ikapanda, dada yake, ndiye mama mzazi wa daktari wetu, akamswaga hadi hospitali kama mbuzi.

Mama Wembe alikuwa amekwisha kunawa. "Lala kifudifudi, mzee. Teremsha suruali."

"Hanigusi mtu hapa! Niitieni mpwa wangu!"

"Mficha uchi hazai, mzee."

"Nimeshazaa, wananitosha! Mleteni Ng'ambo!"

Akaletwa. Mama Wembe akachoma ganzi, akampisha. Dokta akavaa glavu, ya kushoto mkono wa kulia. Jipu hilo hapo, jekundu, linang'aa, kama linamtazama. Wauguzi wamejaa mlangoni.

"Sasa mtaona ng'ambo inavyokata!" Mjomba akasema ndani ya mto.

Akachukua kisu, akatafuta pa kuanzia. Jipu la sanamu lilikuwa na mstari mweusi wa kuonyesha pa kukata. Hili halikuwa na mstari. Angeweza kusema ana semina, wangemwamini, semina hazikumwishia. Lakini Mjomba angerudi nyumbani na jipu lake kumngojea, na jipu la namna ile halingojei mtu. Na kama angesema kweli, kile kiti kinachozunguka kingezungukia kwa mwingine.

"Baba, kata basi," mama yake akamhimiza. "Mjomba wako anaungua."

Akakiweka kisu kwenye sinia.

"Mjomba, mimi sijawahi kukata mtu."

Mjomba akataka kugeuka, akakumbuka suruali ilipo, akarudi kwenye mto. "Na ile picha ukutani kwangu? Si umeshika kisu, na mgonjwa kalala?"

"Mgonjwa yule ni plastiki, Mjomba."

"Kama maua yako," dada yake akadakia.

Wauguzi wakaangua kicheko. Mama Wembe peke yake hakucheka. Aliwatimua mlangoni kwa jicho, kisha akamgeukia kijana.

"Na wewe, Mshauri Mkuu, unataka nini? Sema upesi, ganzi haikai siku nzima."

Jibu la swali hilo alikuwa nalo tangu uwanja wa ndege. Mjomba, kama aliyelisikia likija, akazishika kingo za kitanda kwa mikono miwili.

"Nataka wodi," Dokta Ng'ambo akasema. "Kile kiti sikitaki, na sikukitaka tangu siku ya kwanza. Nataka unisimamie, unikaripie nikikosea, unishike mkono mpaka ujue njia." Akaligeukia jipu. "Na kama Mjomba bado hataki kukatwa na mwingine ila mpwa wake, basi, Mama, naomba tuanze na hili hapa."