Maiti Lazima Acheke

Kazi yangu kwenye sinema zetu za Kimalayalam ni kufa. Wanasema nina sura ya baba mwenye nyumba aliyeondoka ghafla, na kila mwongozaji anayekuja mjini kwetu Ottapalam anataka msiba kama wa kwetu hasa: jani la mgomba chini, taa ya mafuta upande wa kichwa, taya limefungwa kitambaa, majirani halisi wakilia. Na wanalia kweli, maana kila mmoja ana wake wa kumlilia. Kisha, kabla sijainuka, kamera hunirudia nami nacheka. Maiti wa sinema asipocheka, mkosi humfuata nyumbani.

Siku hiyo tulikuwa kwa Kalyani, mjane aliyetukodisha sebule, naye akaketi na waombolezaji. Alilia vizuri mpaka akainua macho ukutani. Shibu, fundi wa mapambo, alikuwa amehitaji picha yangu ya ujanani kwa ajili ya msiba. Akaona pale ukutani ya Divakaran, mwana pekee wa Kalyani, aliyeko Sharjah. Akasema tunafanana, akaivika shada la jasmini. Mjinga yule. Kwetu picha inayovikwa shada namna ile ni ya marehemu.

"Umemzika mwanangu," Kalyani alimwambia Shibu taratibu.

"Nisamehe, mama. Naitoa sasa hivi."

"Ukiitoa ndiyo umefanya nini?" Akanigeukia mimi, niliyekuwa nimeanza kufungua kitambaa. "Na wewe mzee, tulia hapo hapo. Hucheki kabla ya mwanangu."

Nikalala tena. Mama akimpigania mwanawe hubishani naye. Akampigia Divakaran kwa video, kamera ikaelekezwa kwenye simu.

"Cheka, mwanangu."

"Nicheke nini, mama? Chumba changu kinanuka jasmini tangu mchana, na sijui inatoka wapi." Meno yake hayakuachana. "Halafu taya limekaza. Nimemeza dawa, wapi."

Hakuna aliyemwambia habari za kitambaa. Kalyani akaiweka simu kifuani pangu, akaanza kufungua fundo la kitambaa utosini kwangu.

Fundo likaachia. Divakaran akafumbua kinywa, akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo. Mama yake akaikumbatia simu huku analia, na mimi nilifurahi kwa ajili yake.

"Haya mzee, zamu yako," mwongozaji akasema. "Cheka tukale wali."

Kitambaa kilikuwa mkononi mwa Kalyani, nilikiona kwa macho yangu. Taya langu halikufunguka.