Sura ya Mwisho ya Mzee Zigmas

Mwaka 1974, nikiwa muuguzi hospitalini, nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya Jagdish, kule Nechells, mtaa wa viwanda katika nchi ya Waingereza. Jagdish alikuwa Mhindi wa Kisumu, na Kiswahili chake kilinipunguzia baridi. Chumba cha chini alikaa Mzee Zigmas, Mlithuania. Kwao alikuwa mwalimu wa falsafa chuo kikuu, kabla vita havijamfukuza. Huku alifagia karakana ya sonara, mtaa wa Hockley.

Kwa miaka ishirini alikuwa akiandika kitabu kimoja: historia ya wanafalsafa wa kwao, tangu wale wa kale waliofundisha kwa Kilatini hadi mwalimu wake mwenyewe, ambaye hakuacha maandishi yoyote. Aliandika nyuma ya michoro ya pete na vipini iliyokwisha kazi karakanani.

"Watu husema sisi tulilima tu," aliniambia. "Tulifikiri pia, Sista."

Jumapili, nikishatoka zamu, alinitengenezea chai ya limau, akanisomea sura ya mwisho, ile ya mwalimu wake, akiitafsiri kwa Kiingereza cha kuungaunga. Hakuwa na mtu mwingine wa kumsikiliza. Mimi nami sikuwa na mwingine wa kunichemshia chai; mwanangu alikuwa Kisii kwa mama yangu. Mara nyingi nilisinzia. Alinifunika koti lake, akaendelea kusoma kwa sauti ya chini.

Februari mapafu yalimzidi, akalazwa.

"Karatasi zangu," alisema. "Mpe mtu anayesoma lugha yangu."

Niliahidi. Alifariki Jumanne. Jumatano asubuhi nilikuta chumba chake kitupu, kimefagiwa.

"Bwana Jagdish, karatasi za mzee ziko wapi?"

"Zile picha za pete? Nimezirudisha Hockley jana jioni, dada Kerubo. Ni mali ya watu. Sikutaka mzee wetu aitwe mwizi hali amekufa."

"Kwani hukugeuza upande wa pili?"

Akanitazama. "Nyuma si ilikuwa imechorwachorwa tu?"

Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa amezibeba mwenyewe kwenye mvua, kazifunika kwa koti lake.

Nilikimbia hadi karakanani na viatu vyangu vya wodini. Masonara hawatupi takataka. Vumbi la sakafuni, aproni kuukuu, hata karatasi za mezani, vyote huchomwa ili dhahabu iliyonasa ipatikane kwenye majivu. Msimamizi, Gurnam, Singasinga wa Nairobi, alikuwa mbele ya tanuru, koleo mkononi.

"Ngoja!" nilisema. "Hicho ni kitabu!"

"Kitabu gani, mama? Hizi ni takataka za Zigmas."

Nikageuza karatasi moja. Alitazama yale maandishi madogo, mstari kwa mstari, akaliweka koleo chini.

Alipekua magunia pamoja nami mpaka saa yake ya chakula ikapita. Mafurushi yalikuwa tisa. Tulipata manane. Lililokosekana ni lile mzee alilolifunga kwa bendeji niliyompa, sura ya mwisho.

"Lilikuwa juu," Gurnam alisema taratibu. "Ndilo nililoanza nalo. Nisamehe."

Niliandika barua kwa padri wa Walithuania, London. Aprili akaja Bibi Aldona, mwalimu mstaafu. Alisoma mafurushi manane siku mbili kwenye meza ya Zigmas, na Jagdish akampelekea chapati mlangoni bila kugonga. Siku ya tatu alifungua daftari.

"Wewe ndiye pekee uliyeisikia sura ya mwisho. Niambie unachokumbuka."

Nikamwambia. Kwamba yule mwalimu wa Zigmas aliingia darasani akakaa kimya mpaka mtu aulize swali la kweli. Kwamba siku moja saa nzima iliisha bila swali, akawashukuru wanafunzi, akatoka. Kwamba alisema mtu hawezi kuwaza peke yake; hata akiwa chumbani pake, lazima awe anamwambia mtu.

Bibi Aldona aliandika yote. Kurasa mbili.

"Halafu?"

"Halafu sijui," nilisema. "Hapo nilikuwa nimelala."

Alinishika mkono, akaacha kurasa zilizofuata tupu.