Mteja wa Jumamosi

Method Luhaga aliuza treni ndogo mjini Bariadi kwa muda mrefu kuliko watu walivyotarajia. Mji wenyewe hauna reli. Anayetaka kuona treni ya kweli huenda Malampaka, na huko ndiko baba yake Method alikopakia marobota ya pamba kwenye mabehewa mpaka mgongo ukakataa. Method hakufundishwa na mtu. Alifungua mota za redio mbovu za kaseti, akazielewa, akaanza kuchonga mabehewa ya mbao, na baadaye akawa anafuata Dar es Salaam vichwa vya treni vya umeme pamoja na reli zake. Walimu walinunua, na wenye vinu vya pamba waliwanunulia watoto wao. Katikati ya duka aliweka meza yenye njia ya mviringo, na hakumruhusu mteja aondoke na treni kabla hajaiona ikizunguka.

Kisha watu wakaanza kuja na simu. Waliomba treni iwashwe, wakaipindua, wakapiga picha ile namba iliyo chini yake, wakashukuru na kuondoka. Siku chache baadaye mzigo wao ulishuka stendi, umetoka kwa muuzaji wa mtandaoni asiye na fremu wala meza, kwa bei ambayo Method asingeipata hata kwa jumla. Hakuwalaumu. Alisema hata yeye sukari huinunua pale inapouzwa nafuu. Treni hizo zilipoharibika walimletea azitengeneze, naye akazitengeneza.

Mkewe, Felisita, alitaka duka ligeuzwe. Upande mmoja wauze mbegu na dawa za pamba, na upande mwingine wapokee mizigo ya watu wanaoagiza mtandaoni, maana kulikuwa na wakala aliyekuwa akitafuta mahali karibu na stendi. Alilisema hilo kwa upole, akalirudia kila alipopata nafasi. Jibu la Method lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa Hemed.

Hemed alikuwa mpima ardhi kutoka Tanga, aliyeletwa Simiyu kikazi. Kila Jumamosi asubuhi aliingia dukani akisema "Mwadila", ambayo kwa Kisukuma ni salamu ya mchana, na Method alimjibu kwamba huenda kwao Tanga jua huchomoza saa nane mchana. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, wakazungumza habari za treni: reli mpya ya kwenda Mwanza, madaraja yaliyowahi kung'olewa na mafuriko, mabehewa ya zamani yaliyokuwa na viti vya mbao. Felisita alipoleta chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, Hemed aliuliza kama Wasukuma wanakula chakula au wanakula kuni.

"Kula, bwana nazi," Felisita alimwambia. "Kuni hizohizo ndizo zilizokupa tumbo hilo."

Kabla ya kuondoka, Hemed alinunua kitu. Karibu kila mara kilikuwa pakiti ya reli.

Mtu anayenunua reli kila wiki, Method alimweleza mkewe, yuko kwenye ujenzi, na aliye kwenye ujenzi haachi katikati. Wakipatikana wengine wawili wa namna hiyo duka litaishi, na wa kwanza tayari yupo. Aliomba msimu mmoja zaidi. Felisita alifikiri siku kadhaa, akakubali. Fedha ya mpunga waliovuna shambani kwao Ngulyati mwaka ule ikaenda yote kwenye katoni za reli, kwa sababu dukani hakukuwa na kitu kingine kilichokuwa kikitoka.

Mwezi wa sita uliofuata, Hemed alikuja katikati ya wiki. Alisema amehamishiwa Songea na lori la kubeba vyombo linafika kesho. Alihitaji mtu mwenye mikono mipole amsaidie kuifungua njia yake ya treni bila kuivunja. Method hakuwahi kufika kwake. Jumamosi alikuwa dukani, Jumapili kanisani, na siku nyingine Hemed alikuwa porini na vipimo vyake. Alifunga duka, akachukua bisibisi, wakaenda pamoja.

Njia ilikuwa sebuleni, juu ya ubao mkubwa kuliko kitanda. Ilikuwa nzuri. Kulikuwa na stesheni ya Korogwe yenye paa jekundu, mashamba ya mkonge, mto, na daraja juu ya mto. Method aliitazama kwa muda, akafurahi kwa ajili ya mwenzake. Kisha akainama na kuweka kidole gumba kati ya reli mbili, kama alivyozoea kupima. Katika reli alizouza yeye, kidole hicho kililala bila shida. Hapa hakikuingia. Zilikuwa za kipimo kingine, chembamba, ambacho hakuwahi kukileta dukani. Aliifuata njia yote kwa macho, kuzunguka mkonge, juu ya daraja, mpaka stesheni. Hakukuwa na kipande hata kimoja kilichotoka kwake.

Alianza kufungua skrubu. Hemed alitoka chumbani na boksi, akamkuta ameshika kipande cha reli, akasimama.

"Hizi nilianza nazo kabla sijaletwa huku, fundi," alisema. "Za kuongezea nazipata mtandaoni tu."

"Naona."

"Za kwako ni imara zaidi. Ila haziingiliani na hizi."

"Najua haziingiliani."

Hemed aliweka boksi chini na kulifungua. Pakiti za reli zilikuwa zimepangwa ndani kama matofali, kila moja na karatasi ya bei yenye mwandiko wa Method. Hakuna iliyofunguliwa. Method aliuliza, bila kupandisha sauti, alikuwa akizinunulia nini.

"Nilikuwa nakaa," Hemed alisema. "Kwetu mtu hakai dukani kwa mwenzake asubuhi nzima, anywe chai ya mkewe, halafu anyanyuke mikono mitupu. Ni aibu. Na hapa sikuwa na ndugu. Ofisini mimi ni afisa, mtaani ni afisa. Pale kwako nilikuwa Hemed."

"Kiti hakikuwa na bei, Hemed. Kwetu mgeni akikaa, amekuletea heri. Ungekaa tu."

Hemed alicheka kidogo, kama mtu aliyesamehewa jambo dogo. Habari ya katoni hakuijua, na Method hakumwambia. Angemwambia ili iweje? Mwenzake alitenda adabu, na adabu haina kesi.

Walipomaliza kufungasha, Hemed alisisitiza aondoke na boksi lile, akaziuze tena. Method alitaka kukataa, lakini kukataa kungedai maelezo. Akalipokea kwa mikono miwili, akamtakia safari njema, akapanda bodaboda.

Felisita alikuwa ameshafika dukani na kufungua. Alichungulia ndani ya boksi, akasoma zile karatasi za bei, kisha akageuka kuzitazama katoni zilizosimama ukutani, bado zimefungwa kwa gundi.

"Hata moja hakuitumia?"

"Hata moja. Njia yake ni ya kipimo kingine."

"Ulimwambia kuhusu mpunga?"

"Hapana."

 Method alisubiri maneno ambayo mkewe alikuwa na haki ya kuyasema, na alikuwa tayari kuyakubali yote.

"Umefanya vizuri," alisema mwishowe. "Angesafiri vibaya." Akajifunga kanga kiunoni. "Baba Milembe, mbegu zinataka nafasi. Tuanze na rafu ipi?"

"Yoyote," Method alisema. Kisha akafikiri, maana hakuzoea kujibu hovyo, akasema ni afadhali waanze na ile ya juu kabisa, ili vumbi lote lishuke mara moja.