Mchikichi wa Kigangoni

Mwaka 1953, katika kigango kimoja nje ya Tinde, katekista Donatus alimwadhibu kila mwanafunzi wa ubatizo aliyechelewa: amwagie maji mchikichi uliokaa ndani ya debe karibu na altare. Wachelewaji walikuwa wengi. Majani yalipogeuka manjano, akamgeukia Sikujua, mmoja wa wachelewaji hao.

"Umeficha dhambi wewe, ndiyo maana mti unakufa. Pasaka hii hubatizwi."

Euphrasia, mjane aliyefagia kanisa, aliweka ufagio chini. Akaliinamisha debe, maji yenye uvundo yakalowesha viatu vya katekista.

"Loo, Mwalimu! Hizo ndizo dhambi za Sikujua? Mti umeuzamisha mwenyewe, na elimu yako yote."

Akalitoboa debe chini kwa msumari, akakata mizizi iliyooza, akausogeza mti dirishani. Kisha akamsukumia daftari la ubatizo.

"Andika jina lake."

Donatus akaandika.