Vidole vya Babu wa Tangazo

Babu wa kwenye televisheni alikuwa akipiga kodiani bila kubonyeza kitufe hata kimoja. Mivukuto ilifunguka na kujifunga, ndevu nyeupe zilitikisika, wajukuu walizunguka uani chini ya taa za rangi, lakini vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya vitufe kama paka juu ya kochi. Refugio Cantú alishusha uma wake.

"Amparo, njoo umwone mwongo wangu."

"Nilimwona jana," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Na juzi."

"Polka inalia, vidole vimelala! Mtu anayedanganya kuhusu kodiani atashindwaje kudanganya kuhusu dawa?"

Tangazo lilikuwa la insulini ya muda mrefu, ile inayochomwa mara moja kwa siku, na lilirudi kila jioni katikati ya taarifa ya habari. Sauti ya mwanamke ilitoa ahadi taratibu. Kisha sauti ya mwanamume ilitaja madhara na tahadhari kwa kasi ya dalali mnadani, huku watu wa uani wakiendelea kucheza kana kwamba hawahusiki. Boksi la dawa hiyohiyo lilikuwa kwenye friji ya akina Cantú tangu majira ya kuchipua, nyuma ya chapati za tortila, halijafunguliwa. Daktari aliiandika, Amparo akaichukua duka la dawa, na Refugio aliisogeza kando kila alipotafuta siagi.

Hakuwa mtu wa kuogopa maumivu. Alichoogopa ni upofu. Mama yake alianza kuchomwa sindano, na kabla mwaka haujaisha hakuweza kuwatambua wanawe mpaka waseme. Mjini kwao Robstown karibu kila familia ina bibi wa namna hiyo, na karibu kila familia imefikia hitimisho hilohilo: sindano ndizo zinazopofusha.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kodiani za watu wengine na kupiga ya kwake. Kiangazi hicho ya kwake ilianza kumsumbua. Noti za muziki zilipotea, hasa katika safu ya ndani ya vitufe. Aliifungua, akabadilisha springi, akasafisha ndimi za chuma moja moja, akaifunga. Noti zikaendelea kupotea. Akaifungua tena. Alikuwa fundi mzuri, na fundi mzuri hulitafuta kosa kwenye chombo. Lakini Oktoba ilikuwa inakuja na tamasha la parokia, ambalo alikuwa amelipigia tangu alipokuwa kijana aliyeoa juzi, na tayari alikuwa akitunga kichwani maneno ya kumwambia padri atafute mtu mwingine.

Chon Treviño, baba wa ubatizo wa binti yake, alikuja kwa mazoezi Alhamisi na gitaa lake kubwa la nyuzi kumi na mbili. Walikaa gereji, mlango wazi, feni ikisukuma joto kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

"Ngoja, ngoja," Chon alisema katikati ya polka ya kasi. "Umekula noti tatu."

"Kitufe kinakwama."

"Si ndicho ulichokitengeneza Jumatatu?"

"Ni joto. Mbao zinavimba."

"Mbao zinavimba, ehe. Ndugu yangu, unajua unafanana na nani? Yule babu wa tangazo. Umepungukiwa ndevu tu."

Amparo, aliyekuwa akiingia na bilauri za juisi baridi ya rozela, alicheka.

"Rudia hayo maneno," Refugio alisema.

Chon alinyoosha mikono. "Nipe hiyo kodiani."

Chon alipiga kodiani kama mtu anayetafuta funguo gizani, lakini alibonyeza kitufe baada ya kitufe, safu baada ya safu, na kila kimoja kilitoa sauti. Hakuna kilichokwama. Wote watatu walisikia.

Refugio alivitazama vidole vyake. Alisugua ncha zake kwa dole gumba, polepole. "Ni kama nimevaa glavu," alisema. Hata Amparo alikuwa hajawahi kuambiwa hilo.

Kisha Chon aliangalia saa ya ukutani, akatoa mfukoni kibweta cha miwani, na ndani ya kibweta hakukuwa na miwani bali kalamu ya insulini.

"Saa yangu imefika, na leo siendi kujificha kwenye lori." Alifunga sindano mpya, akaijaribu, akazungusha kipimo, akainua shati na kujichoma tumboni, macho yake yakiwa kwa rafiki yake.

"Tangu lini?" Refugio aliuliza.

"Tangu harusi ya mwanangu."

"Na hukuniambia!"

"Nikwambie wewe? Ungeanza kunishika mkono kunivusha barabara."

"Utapofuka, Chon."

"Nani anakurudisha nyumbani usiku tukitoka kupiga muziki mjini Corpus?"

"Wewe."

"Kwa macho ya nani?"

"Mama yangu..." Refugio alianza.

"Mama yako," Amparo alisema, akiweka bilauri chini, "nilimtungia uzi kwenye sindano ya cherehani miaka miwili kabla hajachomwa hata mara moja. Alinikataza nisiwaambie watoto. Macho yalikuwa yameshaanza kwenda, Refugio. Dawa ilikuja nyuma yake." Alilisema kwa upole, bila furaha ya mshindi.

Refugio alinyoosha mkono kuelekea kalamu ya Chon. "Hebu."

"We mzee, una wazimu?" Chon aliirudisha kwenye kibweta. "Haiazimwi, hata ukibadilisha sindano. Kwani tangazo husikilizi?"

"Nilikuwa naangalia vidole."

"Basi yule wa haraka haraka ndiye wa kumsikiliza. Huyo hana kodiani."

Asubuhi iliyofuata Refugio na Amparo walikwenda kliniki. Sindano ilikuwa fupi kuliko skrubu za mkanda wa kodiani yake. Nesi alimwambia aishikilie ndani akihesabu mpaka kumi, na Refugio alihesabu kwa mapigo ya polka, mguu ukigonga sakafu.

"Tayari?" nesi aliuliza.

"Bado. Kuna kiitikio."

Nesi alicheka mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akauliza kuna nini. Daktari, kwa upande wake, alisema wazi: sukari ingeshuka, lakini kwa vidole ambavyo sukari hiyo ilikuwa imevitia ganzi hapakuwa na ahadi. Kilichokwisha kufa huenda kisirudi, kilichobaki kingeweza kulindwa. Refugio aliipenda sentensi hiyo. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akicheza dansi nyuma yake.

Baada ya hapo aliacha kuifungua kodiani. Aliihamishia melodia kwenye vidole ambavyo bado vilikuwa macho, akakata mapambo aliyoyapiga kwa majivuno tangu ujana, akapunguza mwendo. Damu ya kupima sukari aliitoa mkono wa kushoto tu, ili ule wa kulia wa kupigia melodia usiumie, na mfukoni alibeba peremende kwa siku ambazo sukari ingeshuka mno. Kiu iliyokuwa ikimwamsha usiku iliisha. Alianza kulala mpaka asubuhi, jambo lililomfanya Amparo alalamike kwamba sasa anakoroma bila mapumziko. Kwa padri hakwenda kusema chochote.

Jioni ya tamasha upepo baridi wa kaskazini ulikuwa umeingia, na watu walisogea karibu na majiko ya nyama. Polka ya kwanza ilitoka taratibu.

"Mzee, betri imeisha?" kijana mmoja alipiga kelele.

"Mna haraka ya kwenda wapi nyie?" Chon alijibu kwenye kipaza sauti. "Bia bado ipo!"

Kisha walipiga waltz, dansi ya taratibu. Watu ambao kwa miaka mingi polka za Refugio zilikuwa zimewaacha vitini walianza kuinuka, mmoja akimvuta mwenzake, mwingine akiacha fimbo yake kwenye meza, na mke wa Chon alimchukua Amparo kwa sababu hakuna mume aliyekuwa huru. Kiwanja kilijaa polepole. Refugio aliwatazama wakipita mbele yake, miguu ikiburuta vumbi, kila jozi na mwendo wake, na hakuna aliyepitwa na muziki.

Karibu na mwisho wa ubeti wa mwisho, kidole chake cha pete kilitua kwenye kitufe cha pembeni, na kitufe kilikuwa baridi. Hakuwa na hakika kama ameihisi baridi hiyo au ameikumbuka tu. Alirudi mwanzo ili akifikie kitufe hicho tena, ingawa wimbo ulikuwa umekwisha, na Chon, bila kuuliza, akamfuata.