Bosi wa Nyanya

Nangila alilipwa kucheza. Mama yake kule Bungoma hajaamini mpaka leo, lakini ndivyo ilivyokuwa: kampuni ilitengeneza michezo ya simu kwenye ghorofa ya tatu huko Kariobangi, na yeye aliicheza kabla haijatoka, akitafuta palipoharibika.

Bosi wake, Willis, alikuwa mtu wa sifa. Miaka minane nyuma alitengeneza mchezo wa kusukuma mkokoteni wa nyanya kutoka soko la Muthurwa hadi Kariobangi bila kumwaga hata moja. Eastlands nzima, mitaa yote ya mashariki mwa jiji, ilinaswa nao. Makanga wa matatu waliucheza, na mashemasi waliucheza mahubiri yakiendelea. Tangu siku hiyo Willis akaitwa Bosi wa Nyanya, akanunua miwani ya urembo, isiyo na namba, akaanza kuongea polepole.

Kisha akatoa mchezo wa anga za juu, ukafa. Akatoa wa mbio za magari, ukafa kabla watu hawajajua umezaliwa. Mwaka huu, baada ya miaka minne ya kazi, akatoa Ufalme wa Barafu. Nangila alikuwa ameuandikia ripoti ya makosa mia tatu na arobaini. Willis alilisifu jalada la ripoti, na mchezo ukafa kama wenzake.

Wanahisa, wengi wao wastaafu wa reli, wakaitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa Komarock. Ajenda ilikuwa moja tu: Willis abaki au aende? Mwenyekiti, Mzee Bwire, akamwita Nangila asome ripoti.

"Mfalme anazama sakafuni," Nangila akasoma. "Askari wanatembea kinyumenyume. Farasi analia kama ng'ombe."

"Ni kweli," akasema Mzee Bwire, "lakini binti yangu, nyanya je?"

Ukumbi ukapiga makofi. Nangila akasoma kosa jingine, akajibiwa nyanya. Akasoma la kumi, nyanya.

Willis akasimama, akarekebisha miwani. "Tatizo si mchezo. Wateja hawajakomaa."

Hapo Nangila akachoka. Akampelekea simu yenye mchezo huo. "Bosi, tuchezee kidogo, tukomae."

Willis akaichukua. Akagusa huku, akagusa kule. Theluji ikaanguka kwenye kioo, hakuna kilichosogea. Dakika mbili zikapita. Mwishowe akainama, akamnong'oneza Nangila, "Unaanziwa wapi?"

Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba hata wa nyuma walisikia. Nangila alidhani angefurahi, lakini hakufurahi. Alikumbuka Willis wa zamani, aliyesukuma mkokoteni wa kweli wiki tatu nzima, viganja vikachubuka, ili ajue gurudumu linavyoruka kwenye shimo.

"Ule wa nyanya uliusukuma kwa mikono, Bosi," akasema taratibu. "Huu umeusukuma kwa mdomo."

Willis alimrudishia simu. Alivua miwani.

Kura zikapigwa, akaondolewa. Lakini Mzee Bwire hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake mikono mitupu: papo hapo Willis akapewa cheo cha Mlezi wa Maono, na kazi ya kuongoza kamati ya kumtafuta mrithi wake.

Nangila akaomba kazi ya bosi. Kamati ikamkalisha kwenye kiti cha plastiki.

"Umewahi kutengeneza mchezo kama ule wa nyanya?" akauliza Mzee Bwire.

"Hapana, Mzee."

Wakaandika. Waombaji wengine nao wakaulizwa hivyo hivyo, na baada ya wiki mbili kamati ikatoa uamuzi: mtu pekee mwenye sifa zinazohitajika ni Willis. Willis mwenyewe, wanasema, alijaribu kukataa, ila alizidiwa kwa makofi.

Siku hiyo Nangila alicheka mpaka akashika ukuta. Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi, na mafundi wawili wa kompyuta wakamfuata bila kuitwa. Wakakodi chumba nyuma ya karakana ya vyuma, wakatengeneza mchezo mdogo: mama anapandisha mtungi wa maji mpaka ghorofa ya tano, na majirani wote wanataka kumsalimia.

Ulipotoka, watu wakaupenda taratibu, mtaa kwa mtaa. Mzee Bwire akapiga simu kuuliza kama hisa zipo.

"Zipo, Mzee," Nangila akamjibu, "ila kwanza ucheze ufike ghorofa ya tano."

Hadi leo Mzee yuko ghorofa ya pili, anasalimiana na majirani.